Louis Leakey na Hesabu ya Miaka ya Kale

Kila mwalimu wa historia ajua kwamba tarehe ni uti wa mgongo wa habari zote anazofundisha. Ukiuondoa, mambo ya kale hubaki kama mwili uliolegea, hayajulikani yapi yalitangulia na yapi yalifuata. Lakini je, tutafanya nini ikiwa tarehe zenyewe zabishaniwa? Swali hili si la mabingwa wa Ulaya peke yao. Liko mlangoni petu. Msafiri atokaye Karatu, akapanda msituni hadi lango la Lodoare, akazunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro na kushuka upande wa machweo kuelekea nyanda za Serengeti, hufika kwenye korongo kavu ambalo Wamasai huliita Oldupai, kwa jina la mkonge wa porini uotao humo. Wageni walilisikia jina hilo vibaya, wakaandika Olduvai, na hivyo ndivyo lilivyoenea duniani. Katika korongo hilo hesabu ya miaka ya wanadamu ilibishaniwa kwa nusu karne. Iliandikwa, ikafutwa, ikaandikwa tena.

Mtu ambaye jina lake limefungamana na mabishano hayo kuliko wengine wote ni Daktari Louis Seymour Bazett Leakey, aliyefariki mwaka 1972. Tumeona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake. Hatukusudii kumtukuza, wala kumhukumu, kwa kuwa hukumu ni ya Mungu. Twataka kuonyesha jambo moja tu: kwamba umri wa kitu cha kale hautokani na tamaa ya mtu anayekipata, wala na hofu ya mtu anayesikia habari zake, bali hutokana na ushahidi, na kwamba anayeutii ushahidi huo hapungukiwi na kitu, hata katika imani yake.

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi. Wazazi wake walikuwa wamisionari wa Kanisa la Kiingereza waliofanya kazi kati ya Wakikuyu. Mtoto huyo alikua akicheza na watoto wa Kikuyu, akasema lugha yao kama mwenyeji, akatahiriwa katika rika lao, na alipokuwa kijana akajijengea nyumba yake mwenyewe kama desturi ya vijana wenzake. Angali mdogo alipata kitabu kilichoeleza maisha ya watu wa zama za mawe katika Uingereza. Tangu hapo akaanza kuokota vipande vya jiwe jeusi lenye kung'aa kama kioo, vilivyofichuliwa na mvua njiani. Wengine waliviona kuwa takataka. Mtaalamu mmoja wa makumbusho ya Nairobi, Arthur Loveridge, alimhakikishia kijana huyo kwamba baadhi yake vilikuwa zana zilizochongwa na mikono ya watu wa kale.

Leakey aliwahi kufikiri kuwa mmisionari kama baba yake. Lakini baada ya kuingia Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1922 aliumia kichwani katika mchezo wa mpira, akaambiwa apumzike masomoni. Mapumziko yake yakawa safari: mwaka 1924 alikuja Tanganyika pamoja na William Cutler, wakaenda Tendaguru katika nchi ya Lindi kuchimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale kwa ajili ya makumbusho ya London. Huko alijifunza jinsi ya kutoa mfupa uliogeuka jiwe bila kuuvunja. Leakey alirudi Cambridge, na mwaka 1926 akamaliza masomo yake kwa heshima kubwa. Mwaka uleule akarudi Afrika ya Mashariki kutafuta mwanzo wa wanadamu. Wakati huo wataalamu wengi waliutafuta katika Asia, nao walimwonya kwamba anapoteza wakati wake.

Kabla ya Leakey kuona Olduvai, alikuwa amekwisha kufika huko Mjerumani mmoja, Profesa Hans Reck wa Berlin, bingwa wa elimu ya miamba. Mwaka 1911 daktari Wilhelm Kattwinkel alikuwa amepita katika korongo na kupeleka Ujerumani mifupa ya kale. Kwa sababu hiyo Reck alitumwa mwaka 1913 kuchunguza. Aliona kwamba kuta za korongo zina matabaka yaliyopangana kama kurasa za kitabu, akayapa namba kutoka chini kwenda juu. Katika tabaka la pili watu wake walipata mifupa kamili ya mtu, aliyelala amekunjwa. Tabaka lile lilikuwa na mifupa ya wanyama waliokwisha toweka zamani mno. Basi Reck akatangaza kwamba mtu yule naye ni wa zama zilezile. Fuvu akalichukua yeye mwenyewe hadi Berlin.

Habari hizo zilizusha mabishano makali. Mifupa ile ilikuwa ya mtu kama sisi tulivyo leo. Ikiwa ni kweli kwamba aliishi pamoja na wanyama wale, ingelazimu kurudisha nyuma tarehe ya mwanadamu kamili kwa mamia ya maelfu ya miaka. Wengine walisema kwamba huyo si mtu wa zama zile hata kidogo, bali ni marehemu aliyezikwa hapo baadaye, na kaburi lake likapenya katika tabaka la kale. Vita ya mwaka 1914 ilipoanza, kazi ikasimama na swali likabaki bila jibu.

Wasomaji wetu watalielewa swali hilo bila shida. Tukimzika ndugu yetu leo katika udongo mwekundu wa Karatu, je, atakuwa na umri wa udongo ule? La. Mchimba kaburi hupasua tabaka la juu ili kufika chini, na anapofukia huchanganya udongo wa juu na wa chini. Kwa hiyo mfupa unaweza kulala katika tabaka la kale nao ukawa ni mgeni hapo. Kosa la kusahau jambo hili dogo ndilo lililowapotosha watu wakubwa.

Mwezi wa Septemba mwaka 1931 Leakey aliongoza msafara wake kutoka Nairobi hadi Olduvai, akamchukua Reck pamoja naye. Reck alikuwa amesadiki kwamba hakuna zana za mawe katika korongo, Leakey akamwahidi kwamba atazipata kabla ya siku moja kupita. Waliwekeana pauni 10. Alfajiri ya kwanza shoka la mkono la jiwe likapatikana, na Mjerumani akashindwa. Lakini katika jambo lililokuwa kubwa zaidi, ni Leakey aliyeshindwa. Hapo kwanza yeye mwenyewe alikuwa na mashaka juu ya mtu wa Reck. Sasa, baada ya kusimama mahali pale na kuona tabaka kwa macho yake, akageuka akakubaliana naye, na pamoja na mwenzao Arthur Hopwood wakaandika katika gazeti la wataalamu liitwalo Nature kwamba umri wa mtu huyo umethibitika.

Haukuwa umethibitika. Bingwa wa miamba wa London, Profesa Percy Boswell, aliomba udongo ulioshikamana na mifupa ile upimwe. Ulipochunguzwa, ulionekana kuwa na chembe nyekundu za tabaka la tatu na vipande vya chokaa vilivyotoka juu zaidi. Ushahidi huo ulikuwa kama ule wa kaburi la Karatu: udongo wa juu umekutwa chini. Mwaka 1933 Leakey, Reck na wenzao wakaandika tena katika gazeti lilelile, pamoja na Boswell, wakakiri hadharani kwamba mtu yule alizikwa baadaye. Namba kubwa waliyoipenda ikafutwa kwa mikono yao wenyewe. Hilo lilikuwa tendo la heshima, nasi hatuna budi kulihesabu katika mema yake.

Ingekuwa vema kama funzo lingeishia hapo. Lakini mwaka 1932, huko Kanam, karibu na ghuba ya Ziwa Viktoria katika Kenya, mmoja wa wafanyakazi wake, Juma Gitau, alikuwa amepata kipande cha taya ya mtu katika udongo wa kale sana. Jirani yake, mahali paitwapo Kanjera, vipande vya mafuvu vilipatikana. Leakey akatangaza kwamba hao ndio wazee wa kweli wa wanadamu, na mwaka 1933 mkutano wa mabingwa huko Cambridge ukaelekea kumkubali. Boswell hakuridhika. Mwanzoni mwa mwaka 1935 alisafiri mpaka Kenya ili aonyeshwe mahali penyewe.

Hapo pakatokea aibu. Leakey alikuwa ametia alama mahali pale kwa vigingi vya chuma. Vigingi havikuwapo tena: chuma kilikuwa na thamani kwa wavuvi na wakulima wa nchi ile, nao walikuwa wamekitwaa kwa matumizi yao. Ramani iliyo kamili haikuwapo. Picha aliyoitegemea ikaonekana kuwa ni ya mahali pengine. Boswell akarudi Uingereza na kuandika katika Nature kwamba mahali pa mifupa ile hapajulikani kwa hakika, na kwa hiyo umri wake hauwezi kujulikana. Jina la Leakey, ambaye alikuwa kijana mwenye sifa kuliko wote katika elimu yake, likaporomoka. Mfupa alikuwa nao mkononi, lakini mfupa bila mahali ni kama shahidi asiyeweza kusema alikuwa wapi siku ya tukio.

Katika miaka hiyohiyo nyumba yake pia ilipata jeraha. Alimwacha mke wake wa kwanza, Frida, aliyemzalia watoto wawili, na mwaka 1936 akamwoa Mary Nicol, mchoraji na mchimbaji hodari wa mambo ya kale. Chuo chake kikamtazama kwa jicho baya, na mlango wa kazi ya heshima Cambridge ukafungwa. Hatuwezi kusema kwamba jambo hilo lilikuwa dogo. Twalitaja kwa sababu maisha ya mtu yakisimuliwa yasimuliwe yote. Naye Frida hakusahauliwa na ardhi ya Ngorongoro: mwaka 1931 alikuwa amegundua tawi mojawapo la korongo, likaitwa kwa jina lake, na neno letu korongo likatiwa ndani ya jina hilo katika vitabu vya wataalamu wote.

Wakati huo wengine nao walikuwa wakitafuta katika nchi hizi. Mwaka 1935 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alipata vipande vya fuvu ufukoni mwa Ziwa Eyasi, upande wa kusini wa Karatu. Vilipewa jina jipya kana kwamba ni vya jamii nyingine ya watu wa kale, na umri wake pia ukabishaniwa kwa miaka mingi. Yaonekana kwamba kila aliyeokota mfupa katika nchi hizi alitamani uwe mkongwe kuliko mwingine.

Leakey alitumia miaka ishirini iliyofuata katika kazi isiyo na sifa nyingi. Aliandika kwa kirefu habari za mila za Wakikuyu. Wakati wa vita vya pili alianza kutunza Makumbusho ya Coryndon huko Nairobi, na tangu 1945 akawa mkuu wake. Mwaka 1947 alikusanya Nairobi mkutano wa kwanza wa wataalamu wa mambo ya kale wa Afrika nzima, na rais wa mkutano huo alikuwa padre Mkatoliki wa Ufaransa, Abbé Henri Breuil, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu hiyo duniani. Katika miaka ya hatari ya Kenya alikuwa upande wa serikali ya Kiingereza, akawa mkalimani katika kesi ya Bwana Jomo Kenyatta huko Kapenguria, mpaka mawakili wa utetezi walipomlalamikia na akaondoka. Wengi wa wale aliokua nao hawakupendezwa naye kwa hayo. Likizo zilipopatikana na fedha zikatosha, yeye na Mary walirudi Olduvai. Walikuwa na wasaidizi Waafrika ambao macho yao yaliona kile ambacho wageni wasingeona, na wa kwanza kati yao ni Heslon Mukiri, aliyefuatana na Leakey kwa miaka mingi.

Tarehe 17 Julai 1959 Leakey alikuwa kitandani kambini, ana homa. Mary akatoka peke yake na mbwa wake, akafika kwenye lile tawi lenye jina la Frida. Katika tabaka la kwanza, la chini kabisa, akaona meno mawili makubwa yakitokeza udongoni. Akarudi mbio kumwita mumewe. Fuvu lile lilikuwa limevunjika vipande mamia, wakaviokota kwa uchaguzi na kuchekecha udongo wote, kisha vikaunganishwa kimoja kimoja. Safari hii hapakuwa na shaka ya kaburi, kwa maana vipande vilitawanyika katika udongo wa zama zake pamoja na zana za mawe na mifupa ya wanyama. Leakey akamwita kiumbe huyo Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinj. Zinj ni jina ambalo waandishi wa Kiarabu waliliita pwani yetu zamani, nalo ndilo tulisikialo mpaka leo katika neno Zanzibar.

Sasa swali lilelile la mwaka 1913 likarudi: ana miaka mingapi? Leakey alikisia kwamba yapita miaka 600,000, na kwa elimu ya siku zile namba hiyo ilikuwa kubwa. Lakini yalikuwa makisio tu. Hesabu ya zama za kale ilifanywa kwa kulinganisha matabaka, unene wake na aina za wanyama, na watu wengi waliamini kwamba zama zote zile za barafu hazikuzidi miaka milioni moja.

Ndipo ikaja njia mpya. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha California, Jack Evernden na Garniss Curtis, walikuwa wamejifunza kusoma saa iliyomo ndani ya majivu ya volkano. Yafaa tuieleze saa hiyo kwa maneno mepesi. Katika mawe yatokayo volkanoni mna potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi iitwayo agoni. Mwendo wake haubadiliki kwa joto wala kwa baridi: nusu yake hugeuka kwa muda wa miaka kama milioni 1,250. Mlima unapotapika moto, jiwe huyeyuka na agoni ya zamani hutoka, hata saa huanza tena kwa sifuri. Jiwe likipoa, agoni mpya hufungiwa ndani ya fuwele zake. Basi anayepima kiasi cha potasiamu na kiasi cha agoni huweza kujua ni lini mlima ule uliwaka.

Na milima hiyo ni ipi? Ni milima yetu. Majivu yaliyofunika tabaka la kwanza la Olduvai yalitoka katika nyanda za juu za Ngorongoro, na mmojawapo wa milima iliyoyatoa ni Olmoti, ambao watu wa huko huuona kila asubuhi wakichunga ng'ombe. Mwenyezi Mungu alikuwa ameiweka saa juu ya kilima, naye mwanadamu aliitafuta mbali.

Mwaka 1961 Leakey, Evernden na Curtis walitangaza matokeo: si miaka 600,000, bali miaka 1,750,000. Makisio ya Leakey, ambaye siku zote alilaumiwa kwa kupenda namba kubwa, yalikuwa madogo karibu mara tatu. Wengi hawakusadiki. Profesa von Koenigswald na wenzake wawili wa Ujerumani walipima jiwe jeusi lililo chini ya tabaka lile, wakapata miaka milioni 1.3 tu. Jambo hilo haliwezekani likiwa sawa na lile la kwanza, kwa sababu kilicho chini hakiwezi kuwa kichanga kuliko kilicho juu. Mmoja kati yao alikuwa amekosea, au jiwe lenyewe lilikuwa limechakaa na kupoteza gesi yake.

Angalieni jinsi mabishano hayo yalivyomalizika. Hayakumalizika kwa sauti kubwa, wala kwa cheo cha mtu. Yalimalizika kwa kupima tena, na kwa njia nyingine isiyotegemea ile ya kwanza. Mwaka 1965 wataalamu wengine walihesabu alama ndogo zilizoachwa na chembe za urani katika kioo cha volkano cha Olduvai, wakapata miaka kama milioni mbili, wakiongeza na kupunguza kidogo. Wengine wakapima jinsi mawe yalivyoshika mwelekeo wa sumaku ya dunia, ambayo katika zama mbalimbali imegeuka kaskazini ikawa kusini. Mawe ya Olduvai yalionyesha kipindi kifupi cha mwelekeo kama wa leo, katikati ya kipindi kirefu kilichogeuka. Kipindi hicho, cha miaka kama milioni 1.9 hadi 1.8 iliyopita, kilipewa jina la Olduvai, na mabaharia wa elimu wanaochunguza udongo wa vilindi vya bahari zote hulitumia jina la korongo letu kama alama ya njia. Kwa namna hiyo Ngorongoro, iliyokuwa mahali pa mashaka, ikawa mahali pa kusahihishia saa za wengine.

Tarehe ikasimama, lakini maana ya fuvu haikusimama. Mwaka 1964 Leakey, pamoja na Phillip Tobias na John Napier, walitangaza jamii nyingine iliyopatikana katika tabaka lilelile, yenye ubongo mkubwa zaidi, wakaiita Homo habilis, yaani mtu mwenye ustadi. Wakasema kwamba huyo ndiye mchongaji wa zana, si Zinjanthropus. Mtu wa Zinj akashushwa kutoka cheo cha babu, akawa jamaa wa pembeni aliyetoweka bila uzao. Jina lake la kwanza la kitaalamu nalo likaachwa na wengi. Fuvu lake limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Katika miaka yake ya mwisho Leakey aliwasaidia wengine kuliko alivyojisaidia. Ni yeye aliyemtuma Jane Goodall Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Lakini udhaifu wake wa zamani haukumwacha. Tangu 1964 alisimamia uchimbaji huko Calico, California, akashikilia kwamba mawe ya pale ni zana za watu wa kale mno wa Marekani. Mwaka 1970 wataalamu walikutana hapo, na walio wengi wakaona kwamba ni mawe yaliyopasuka yenyewe. Hata Mary, mke wake, hakukubaliana naye. Aliyekiri kosa mwaka 1933 akiwa kijana, hakuweza tena kukiri akiwa mzee mwenye sifa. Haya ni majaribu ya kila mtu asifiwaye. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru, karibu na wazazi wake. Mary aliendelea na kazi, na mwaka 1978 huko Laetoli, kusini ya Olduvai, kikundi chake kilifichua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili katika majivu ya volkano miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Hesabu ikarudi nyuma tena.

Sasa Mkristu mwaminifu aweza kuuliza: na sisi je? Tulifundishwa hesabu nyingine. Ni kweli. Askofu Mkuu James Ussher wa Kanisa la Kiingereza huko Ireland alijumlisha miaka ya mababu wa Biblia, na mwaka 1650 akaandika kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristu. Tarehe zake zikachapwa pembeni mwa Biblia nyingi za Kiingereza, hata wasomaji wakadhani ni sehemu ya Maandiko. Kanisa letu lilikuwa na hesabu yake pia. Katika tangazo la kuzaliwa Bwana, linalosomwa mkesha wa Noeli, Martirolojia ya Kiroma ilihesabu miaka 5199 tangu kuumbwa ulimwengu mpaka Betlehemu. Hesabu hizo mbili zapishana kwa karibu miaka 1,200, na tofauti hiyo peke yake yatosha kuonyesha kwamba hapakuwa na mapatano, hata kati ya wacha Mungu, kwa kuwa maandiko ya Kigiriki na ya Kiebrania hayatoi jumla moja.

Kanisa halikuogopa kusahihisha. Mtakatifu Agostino, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, alikwisha kuwaonya Wakristu wasitie aibu imani kwa kusema ovyo juu ya mambo ya maumbile ambayo wasiosadiki huyajua kwa hakika. Mwaka 1943 Baba Mtakatifu Pio XII alifundisha kwamba yatupasa kutafuta namna waandishi watakatifu walivyokusudia kusema, kila mmoja kwa desturi za zama zake. Mwaka 1950, katika waraka wake Humani Generis, aliruhusu wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa mwanadamu, akishika kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alikiri kwamba elimu hiyo imepata nguvu kuliko dhana tu. Na katika Martirolojia mpya ya mwaka 2001 ile namba 5199 haimo tena: tangazo la Noeli lasema juu ya zama zisizohesabika zilizopita tangu kuumbwa ulimwengu. Namba iliondoka, Betlehemu ikabaki. Mtoto aliyezaliwa ni yuleyule.

Twayasema haya kwa kuwa twajua mashaka ya vijana wetu. Kijana wa Karatu husikia kwa mtu mmoja kwamba akisadiki fuvu la Olduvai ameikana Biblia, na kwa mwingine kwamba akisadiki Biblia ni mjinga. Wote wawili wamtwika mzigo ambao Kanisa halikumtwika. Biblia hutufundisha nani aliyetuumba na kwa ajili gani, wala haikuandikwa ili kupima agoni. Na agoni hupima mlima uliwaka lini, wala haiwezi kusema kwa nini pawepo mlima, au pawepo mtu wa kuutazama. Anayeogopa namba ya Olduvai amemfanya Mungu kuwa mdogo, kana kwamba miaka milioni mbili ni mingi kwake Yeye ambaye miaka elfu mbele zake ni kama siku iliyokwisha pita.

Lipo pia funzo la kazi. Kilichomwangusha Leakey mwaka 1935 hakikuwa uongo wala ukosefu wa akili, bali vigingi vilivyotoweka na ramani isiyochorwa. Mchungaji au mkulima akiona mfupa uliogeuka jiwe ukitokeza baada ya mvua, hapa kwetu au kando ya Eyasi, asiung'oe wala kuupeleka kwa mgeni ili apate shilingi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba na kuondoa vitu hivyo bila kibali, na sasa msomaji wetu ajua sababu yake. Aache pale ulipo, awaarifu wenye mamlaka. Mfupa uking'olewa mahali pake, hakuna mwenye elimu atakayeweza kuurudishia ushahidi wake.

Hesabu ya leo nayo yaweza kusahihishwa kesho, kwa kuwa korongo bado lina matabaka yasiyofunuliwa. Yatakapofunuliwa, tusiwe wa kwanza kupiga makofi wala wa kwanza kukemea. Tuulize kwanza kilipatikana wapi, katika udongo gani, na ni nani aliyepima mara ya pili.